Sura ya Tano: Kitu cha Umeme Kinavujishaje Oili?

“Fundi kaniambia oili inavuja kwenye sensa. Sasa sensa si kitu cha umeme? Oili imefikaje huko?” Wenye magari huuliza hivyo kila mara, na nyuma ya swali hilo lipo lingine ambalo wengi hulimeza: au ndiyo ninapigwa?

Mara nyingi hupigwi. Sensa kadhaa za injini zimefungwa moja kwa moja mahali oili inapopita, na mojawapo, swichi ya oili, hukaa miaka yote ikisukumwa na oili yenye presha. Ikichoka, inavuja. Anayestahili kuwa na wasiwasi ni mwingine: yule anayeambiwa giaboksi ishushwe ili sili ya nyuma ya injini ibadilishwe, ilhali oili yote ile imetoka kwenye kidude kinachoenea kiganjani. Gharama za kazi hizo mbili haziko karibu hata kidogo, na kinachozitenganisha ni muda mfupi wa kuangalia kwa mpangilio. Sura hii inahusu mpangilio huo, yaani kujua oili inaanzia wapi kabla hujanunua chochote.

## Swichi ya oili inafanya nini?

Ndani ya injini kuna vyuma vinavyozunguka kwa kasi, na oili ndiyo inayovizuia visilane. Ikiwa imepumzika hukaa chini kwenye sampu, chombo cha chuma kilichofungwa tumboni mwa injini. Injini ikiwaka, pampu huivuta kutoka humo, huipitisha kwenye filta, kisha huisukuma katika vijia vilivyotobolewa ndani ya chuma hadi kwenye kranki, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, na hadi kwenye kemshafti, mhimili wa juu unaofungua valvu.

Katika kimoja cha vijia hivyo, mara nyingi jirani na filta, kiwanda huacha tundu lenye meno. Hapo ndipo swichi hukazwa. Ndani yake mna kiwambo chembamba: upande mmoja kuna oili, upande wa pili kuna springi na ncha za umeme. Ukizungusha ufunguo kabla injini haijawaka, presha haipo. Springi inashinda, ncha zinagusana, na taa nyekundu yenye picha ya kopo linalodondosha tone inawaka kwenye dashibodi. Injini ikiwaka, oili inakisukuma kiwambo, ncha zinaachana, na taa inazima.

Presha inayotosha kuizima taa hiyo ni ndogo, kwa kawaida nusu ya bar au pungufu. Bar ni kipimo cha msukumo. Tairi la gari dogo hujazwa kama bar 2.2, ile 32 unayomtajia mtu wa upepo. Injini ikiwa kwenye kasi ya barabarani, presha ya oili katika magari mengi madogo huwa kati ya bar 2 na 5. Kiwambo hicho basi hubeba msukumo sawa na wa tairi au zaidi ya mara mbili yake, katika joto la karibu nyuzi 100, kila safari. Gari lililotoka Japani likiwa na miaka 10, kisha likatumika hapa kwetu miaka 8, kwa kawaida lina swichi yenye miaka 18, kwa sababu hakuna anayeibadilisha mpaka iharibike.

Magari mengi ya umri huo yana swichi ya waya mmoja, inayojua mambo mawili tu: presha ipo au haipo. Baadhi ya magari mapya yana sensa kamili, kwa kawaida yenye nyaya tatu, inayoipimia kompyuta ya injini presha ni kiasi gani. Mafundi huziita zote sensa. Haidhuru, ilimradi usinunue moja ukaifunga mahali pa nyingine.

## Inavujia sehemu tatu

Kwenye meno. Swichi imelegea au ilifungwa bila gundi ya kuzibia, na oili inajipenyeza kando yake. Hii ndiyo nafuu kuliko zote: huenda swichi ni nzima, inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa upya.

Kwenye maungio. Sehemu ya juu ya swichi ni plastiki na ya chini ni chuma, na chuma hicho kimekunjwa kuibana plastiki. Joto na baridi vikipokezana miaka mingi, mbano unalegea na oili inatokeza kama jasho kuizunguka plastiki.

Ndani, kupitia kiwambo. Kiwambo kikipasuka, oili inapita katikati ya swichi na kutokea kwenye pini, ndani ya plagi. Kwa nje unaweza usione kitu siku za mwanzo.

Aina mbili za mwisho hazitengenezeki. Kuna wanaozungushia silikoni kwa nje, lakini silikoni haishiki mahali penye oili, na presha inatoka ndani ikiisukuma. Itashika siku chache kisha itabanduka.

Aina ya tatu ina madhara yasiyoonekana upesi. Oili iliyoingia kwenye plagi huweza kupanda ndani ya waya wenyewe, kati ya nyuzi za shaba na ganda lake, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Wenye Mercedes-Benz za miaka ya 2000 zenye injini ya M271 wanalifahamu jambo hili. Kwenye injini hiyo, sumaku za umeme zinazorekebisha kemshafti huweza kuvuja, na oili ikasafiri ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta ya injini. Kwa hiyo ukikuta oili ndani ya plagi yoyote, usiiahirishe kazi hiyo hadi mwisho wa mwezi.

## Doa liko chini, chanzo kiko juu

Oili ikitoka kwenye swichi haidondoki pale pale. Inateremka kwenye ukuta wa injini, inafuata ukingo wa sampu, na gari likiwa mwendoni upepo unaopita chini yake unaisukuma nyuma. Mwishowe inaweza kudondokea pale injini inapoungana na giaboksi, na hapo ndipo pia inapotokea oili ya sili ya nyuma ya kranki ikichoka. Fundi akilala chini ya gari akaona tone linaning'inia pale, hukumu huja haraka:

“Bosi, sili ya nyuma imekwisha. Tushushe giaboksi.”

“Sawa fundi, ila kwanza tuoshe, halafu tuone inaanzia wapi.”

Fundi mzuri hataona vibaya. Yeye pia hapendi kushusha giaboksi, kuirudisha, kisha kesho yake mteja arudi na doa lile lile. Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Pima oili. Gari liwe tambarare, injini iwe imezimwa kwa dakika kadhaa. Futa stiki, irudishe, itoe tena, usome. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kwanza. Usiwashe injini yenye kiu ili kutafuta mvujo.
2. Chomoa plagi ya swichi. Injini ikiwa imezimwa, tia karatasi nyeupe ya tishu ndani ya plagi. Ikitoka na oili, kiwambo kimepasuka na umeshapata jibu moja.
3. Osha eneo lote injini ikiwa ya baridi. Tumia dawa ya kuondolea grisi au ya kusafishia breki. Petroli iache: mvuke wake ukikutana na cheche ya betri, moto unaruka. Altaneta ifunike kwa mfuko, na mpira wa maji yenye presha usielekezwe kwenye plagi.
4. Kausha, kisha pulizia poda. Poda ya kawaida ya mtoto inatosha. Ikitandaa kwenye chuma kikavu huwa nyeupe, na oili ikipita inachora mstari mweusi usiofichika.
5. Washa injini ipate joto. Iache dakika 10 hadi 15, kwa sababu oili baridi ni nzito na nyufa ndogo huanza kuvuja ikishakuwa nyepesi. Angalia kwa tochi na kioo kidogo. Mikono, nguo na nywele viwe mbali na mkanda na feni.
6. Fuata mstari kwenda juu. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo chanzo. Zote zilizo chini yake zimelowana tu.

Katika kupanda huko juu unaweza kukuta mwizi ni mwingine. Gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu kabisa cha injini, ndiyo maarufu zaidi. Kuna pia sensa ya kemshafti na valvu ya VVT-i katika Toyota, ile inayoamua kiasi cha oili kinachokwenda kuugeuza muda wa valvu. Hivi viwili huzuia oili kwa oringi, pete ya raba. Raba ikipata umri hukauka na kuwa ngumu, na oili hupita pembeni. Hapo usikubali kununua sensa nzima kabla hujajaribu oringi mpya ya saizi ile ile inayostahimili oili na joto. Sensa yenyewe huwa haina tatizo.

Kwa ufupi hadi hapa: swichi ya oili inavuja kwa sababu kiwambo chake kinabeba presha. Doa la chini halikwambii chanzo. Osha, pulizia poda, washa, fuata mstari kwenda juu.

## Naweza kuendelea kuendesha?

Tufanye hesabu. Matone kati ya 20 na 40 ya oili hutimiza mililita moja. Swichi inayodondosha tone moja kila sekunde injini ikiwa inafanya kazi inapoteza matone 3,600 kwa saa, yaani mililita 90 hadi 180. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Ukitumia saa 8 pamoja na foleni ya kutoka mjini, umepoteza kati ya mililita 700 na lita 1.4. Injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye Toyota IST na Probox nyingi, hubeba kama lita 3.7 tu ukihesabu na filta. Unaweza kuondoka nyumbani na oili ya kutosha ukafika na theluthi moja au zaidi imebaki barabarani.

Wengi hujipa moyo: “Taa haijawaka, kwa hiyo oili ipo.” Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha, na inawaka presha ikiwa imeshakaribia kwisha. Oili ikipungua sana, dalili ya kwanza huwa taa kupepesa unapokata kona au kukanyaga breki, kwa sababu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa. Dakika chache za namna hiyo zinatosha kuzimaliza beringi za kranki, na injini ikishanoki, bei ya swichi haizungumzwi tena.

Kwa hiyo:

- Mvujo wa jasho tu, usiodondoka: endesha, pima oili kila asubuhi, panga siku ya kazi wiki hiyo hiyo.
- Matone yanayoacha doa kila unapoegesha: safari fupi tu, ukiwa na lita moja ya oili ya aina ile ile kwenye buti.
- Mchirizi, moshi au harufu ya oili inayoungua kwenye ekzosi: usiendeshe. Oili juu ya bomba la moshi lenye moto inaweza kushika.
- Taa nyekundu imewaka mwendoni: simama pembeni mahali salama na uzime injini hapo hapo. Usijisemee “nifike tu kituo cha mafuta”.

## Kuibadilisha

Kama swichi inafikika, kazi hii ni ya chini ya saa moja, na oili ya injini haimwagwi. Injini ikiwa imezimwa presha haipo na oili karibu yote imerudi kwenye sampu. Ukifungua swichi yatatoka matone machache au vijiko kadhaa tu.

Anza na usalama. Injini ipoe kabisa. Kama ni lazima kuingia chini, gari lishikiliwe na stendi, si jeki peke yake, na magurudumu yawekewe vizuizi. Toa waya wa hasi wa betri: katika injini nyingi swichi iko karibu na stata, ambayo waya wake mnene una umeme muda wote, na spana ikiugusa huku imegusa bodi utaona cheche kubwa.

Safisha kuzunguka swichi ili mchanga usiingie ndani ya injini. Bonyeza kilimi cha plagi taratibu, kwani plastiki iliyopikwa miaka 18 huvunjika kama biskuti. Kisha tumia boksi ndefu inayoimeza swichi yote. Katika Toyota nyingi ni ya 24. Spana ya kawaida hukosa nafasi na huishia kuvunja kichwa cha plastiki.

Iweke swichi ya zamani kando ya mpya na uzilinganishe kabla hujaendelea: unene wa meno, urefu wake, idadi ya pini, umbo la plagi. Hapa pana mtego. Swichi nyingi za Kijapani zina meno 28 kwa kila inchi, na nyingi za Kimarekani zina 27, kwa unene unaokaribiana sana. Ya Kimarekani itaingia kwenye tundu la Kijapani mizunguko michache bila ubishi, kisha itaanza kukaza. Ukiilazimisha, inakula meno ya bloku, yaani mwili wenyewe wa injini. Bloku ya 1NZ-FE ni ya aluminiamu, na meno yake yakiliwa umejitengenezea kazi kubwa zaidi ya ile uliyokuja nayo.

Kuziba kunategemea aina ya meno:

- Meno ya mshazari, yanayokuwa membamba kuelekea nchani, kama ya Toyota nyingi, hujiziba yenyewe yakisaidiwa na gundi ya kuzibia meno. Paka kidogo, ukiacha jino moja au mawili ya mwanzo makavu. Swichi nyingi mpya huja zimeshapakwa. Hizo usiziongezee kitu.
- Meno yaliyonyooka, ya kawaida katika magari ya Ulaya, huziba kwa washa ya shaba au aluminiamu. Weka washa mpya, usipake gundi.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba iache kwenye mabomba. Vipande vyake vikikatika huingia kwenye vijia vya oili. Isitoshe, swichi ya waya mmoja hupata umeme wa hasi kupitia meno yake yanayogusa bloku, na tepu nyingi inaweza kuukata, taa isiwake hata presha ikiisha.

Anza kufunga kwa vidole mpaka vishindwe. Ndipo utumie boksi, kwa nguvu ya mkono mmoja. Swichi ndogo ya mshazari inahitaji kama nyuton-mita 15, ambayo ni pungufu sana ya nati ya gurudumu. Safisha plagi ya gari kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme, kausha, chomeka. Rudisha waya wa betri. Kama umepaka gundi, heshimu muda ulioandikwa kwenye chupa kabla ya kuwasha. Mara nyingi ni saa moja.

Sasa washa. Taa izime ndani ya sekunde chache. Acha injini ipate joto, angalia kwa tochi, zima, pima oili, ongeza iliyopungua. Rudia kuangalia baada ya siku mbili tatu za kuendesha.

## Ununue ipi?

Nenda dukani, iwe Gerezani kule Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ukiwa na swichi ya zamani mkononi na namba ya injini kwenye karatasi. Jina la gari pekee halitoshi, maana gari la jina moja hutoka na injini tofauti.

Spea za mtumba zina mahali pake. Mlango, taa, hata giaboksi ya mtumba ni biashara ya busara. Swichi ya oili ya mtumba haina faida: imetoka kwenye injini ya umri ule ule na kiwambo chake kimechoka vile vile. Nunua mpya, tena ya chapa inayojulikana.

## Swichi ni mpya, taa bado inawaka

Hapa ndipo watu hununua swichi ya pili, na ya tatu. Usifanye hivyo. Zima injini na uthibitishe kwanza kwamba oili inatosha. Kisha zungusha ufunguo bila kuwasha injini na uchomoe plagi. Kwa swichi ya waya mmoja, taa ikiendelea kuwaka hata plagi ikiwa nje, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani, ufuatilie. Taa ikizima, waya ni mzima, na sasa swali linahusu injini yenyewe. Mwambie fundi atoe swichi, afunge geji ya presha kwenye tundu lile lile, kisha asome. Geji ikionyesha presha nzuri, swichi mpya ni mbovu, irudishe dukani. Ikionyesha presha ndogo, swichi ilikuwa inasema kweli, na kinachotafutwa ni pampu, chujio la sampu au beringi.

Kanuni hiyo hiyo ikulinde unaponunua gari la mkononi. Kabla ya kuwasha, zungusha ufunguo na utazame dashibodi. Taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, balbu imekufa au mtu amechomoa waya wa swichi ili usione kitu. Usijadili bei mpaka iwake, kisha izime yenyewe injini ikiwa inafanya kazi.

Kwa ufupi:

- Pima oili kwanza, tafuta chanzo pili, nunua spea mwisho.
- Oili ndani ya plagi maana yake kiwambo kimepasuka: badilisha swichi.
- Oili pembeni ya sensa ya kemshafti au valvu ya VVT-i: jaribu oringi kwanza.
- Linganisha meno kabla ya kufunga, anza kwa vidole, usikaze kupita kiasi.
- Taa ikibaki inawaka baada ya swichi mpya na oili inatosha, dai geji ya presha kabla ya kulipia kitu kingine chochote.